Kikohozi cha Mlango wa Stoo

Siku redio ilipotangaza kwamba korona imeingia nchini, mume wangu alitoka nyumbani akisema anaenda kununua mkate. Alirudi jioni na gari limelala kwa nyuma kwa uzito, na mkate alikuwa ameusahau.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Gari lenyewe ni lile la kufundishia, lenye herufi kubwa nyekundu mbele na nyuma na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu asiyetaka kufa. Amefundisha nusu ya mji wa Nyeri kurudi nyuma bila kugonga ukuta, na kazi hiyo imemwachia imani moja tu maishani, kwamba kila binadamu anayekuja mbele yake yuko karibu kufanya ujinga. Aliposikia kwamba watu watagombania unga, akaamua kuwatangulia.

Tulimsaidia kupakua, mimi na binti yetu aliyekuwa kidato cha pili. Kulikuwa na marobota ya unga wa ugali, njahi zetu nyeusi, maharagwe, madumu ya mafuta, mishumaa kana kwamba tunafungua kanisa, na chumvi ya kukausha ng'ombe mzima. Kulikuwa na samaki wa mkebe, ambao kwetu hakuna anayewala. Kesho yake rafiki yake wa Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, akaleta magunia ya mchele wa pishori. Lakini fahari yake ilikuwa tishu za choo. Zilikuja kwa katoni, na katoni zikafuatwa na katoni nyingine, mpaka majirani wakasimama barabarani kutazama.

"Hizi zote tutazifanyia nini?" nikamuuliza.

"Utakuja kunishukuru, mwalimu," akasema. Mimi pia ni mwalimu, wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na yeye huniita hivyo akitaka kuonyesha kwamba hajabishana nami, ameniheshimu tu.

Mali yote iliingia stoo. Stoo yetu ilikuwa kibanda cha mbao chakavu na mabati, sakafu ya simiti, kilichojengwa kwa ajili ya magurudumu makuukuu. Kimesimama kati ya jikoni na tangi la maji, na huwezi kufika kwenye tangi wala kwenye gari bila kupita mlangoni pake. Mume wangu alitoa magurudumu, akapanga mali kwa urefu kama wanafunzi wa gwaride, akanunua kufuli mpya na kuuvaa ufunguo shingoni kwa uzi. Shule yake ya udereva ilikuwa imefungwa, yangu pia. Kila asubuhi alifungua stoo, akasimama ndani kidogo, akafunga. Sijui alikuwa akifanya nini huko. Nadhani alikuwa akistarehe.

Juma lililofuata mama yangu akaja kutuokoa na njaa.

Alikuwa amesikia kwenye redio ya lugha yetu kwamba watu wa mjini watakosa chakula. Akatoka kwake, juu ya Othaya kwenye majani chai, akiwa na gunia la viazi, nduma, na kuku hai aliyefungwa miguu. Aliteremsha mzigo uani, akaona mlango wa stoo uko wazi, akachungulia. Alikaa akitazama zile katoni kwa muda.

"Hii yote ni ya nani?"

"Ni yetu, mami."

"Mko wagonjwa?"

Nia yake ilikuwa kurudi jioni hiyo hiyo. Lakini kafyu ilikuwa changa na kila mtu aliiogopa, magari yalikuwa yakibeba nusu ya abiria, na tulipofika steji tulikuta imebaki mifuko ya plastiki na mbwa mmoja. Tukarudi naye nyumbani, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza.

Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Wengi siku hizi wameliacha jambo hili, wanakaa kwa mkwe miezi na kumpokonya rimoti. Mama yangu hakuwa ameliacha. Miaka yote ya ndoa yangu alikuja mchana, akanywa chai jikoni huku ameupa mlango mgongo, akaondoka jua likingalipo. Yeye na mume wangu hawakuwahi kutazamana usoni kwa zaidi ya kupepesa jicho. Wakiwa na la kusema walilipitisha kwangu. Kwa heshima waliyokuwa nayo, mgeni angedhani wana kesi mahakamani.

"Lala na mtoto kwa kitanda yake," nikamwambia.

"Halafu asubuhi nipatane na muthoni akienda choo na vesti? Mimi?" Muthoni ni neno letu la mkwe. Mama alilitamka kama watu wanavyotamka mheshimiwa. "Hapana. Hiyo nyumba ni yake."

Akazungusha macho uani kama mpima ardhi. Yakatua kwenye stoo.

"Ile si nyumba. Ile hata haina dirisha ya maana. Nitalala pale."

Tukamtandikia godoro kati ya mchele na unga. Ilikuwa ni kwa siku moja tu.

Asubuhi mume wangu akaenda kuchukua sukari. Mama alikuwa kwenye bafu la nje, stoo haikuwa na mtu. Nikamwona anasukuma mlango, anasimama, anarudi kinyumenyume kwa ustadi wote anaowafundisha watu. Alikuja jikoni amekauka uso.

"Siwezi ingia."

"Mama hayuko ndani."

"Kitambaa chake kiko. Kimetundikwa kwa msumari, juu ya maharagwe."

Kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kikiwa ukutani, hicho ni chumba cha mama mkwe. Mkwe mwenye adabu haingii. Alisimama pale akifikiri, na nikaona akili yake inapita juu ya pishori, njahi, mafuta na zile katoni zote. Kisha akavua uzi shingoni, akaniwekea ufunguo mkononi. Hivyo ndivyo tajiri wa mtaa wetu alivyofilisika kabla ya kunywa chai.

"Cucu amepindua serikali," binti yetu akasema, akimaanisha bibi yake, na akacheka mpaka akakaa chini. Nilimkemea, kisha nikaingia chumbani nikacheka kwenye mto.

Siku moja ikawa miezi, na aliyeng'ang'ania akae ni mimi. Ndugu zangu walikuwa wameondoka Nairobi na watoto wao kabla barabara hazijafungwa, wakajaa boma la mama nyumba kwa nyumba, na nilisikia kwenye simu jinsi walivyokuwa wakikohoa. Mama ana pumu tangu usichana. Moshi kidogo au baridi kidogo na kifua kinafunga, unamwona anavuta hewa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Baba alikuwa ameshaondoka duniani, nilibaki na huyu mmoja. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo, hofu ya kuamka nayo. Nikajiapia kwamba ugonjwa huu hautamchukua mama yangu, hata ikibidi nimfungie kwa ile kufuli mpya.

Alikubali kukaa kwa sharti moja, kwamba hatatoka stoo.

Basi ukawekwa utaratibu. Hakuna aliyeutangaza, wote wawili waliujua tayari. Mkwe anapokaribia alipo mama mkwe, hukohoa. Ni kikohozi cha heshima, kikavu, cha kumpa mama nafasi ya kujifunika kichwa au kujitenga. Mume wangu akitaka kwenda kwenye tangi au garini alikohoa. Akitaka kitu cha stoo alikohoa, akasimama kando, akamwambia yule kuku wa Othaya, ambaye sasa alikuwa amefunguliwa na kuhamia uani: "Kumeisha mchele." Ndani, mama akajibu kwa kikohozi chake. Hicho kilikuwa na mkia. Alikohoa mara moja, kisha akamalizia na "hm!" fupi, kama mtu anayefunga droo. Mume wangu akiisikia ile "hm" alienda mpaka kwenye tangi, akageuka kutazama ukuta wa jirani. Mama akafungua mlango, akaweka kitu kizingitini, akafunga.

Alichoweka hakikuwa kile kilichoombwa. Ukiomba kilo ya sukari ulipata kikombe. Mchele ulipimwa kwa kopo la mafuta ya kujipaka. Mume wangu, mwenye katoni za kufuta mji mzima, alikuwa akipewa roli moja ya tishu kila Jumatatu, na siku alipothubutu kumwambia kuku kwamba imeisha mapema, mama alizungumza kwa sauti kupitia mbao, akimwambia kuku huyo huyo:

"Mko watu watatu. Sijui mnakula nini."

Isitoshe, alifungua biashara. Nyuma ya stoo kulikuwa na ubao uliolegea, na mama aligundua kwamba ukiusukuma unapata kidirisha cha kutosha kupitisha mkono na maneno. Wake wa majirani wakaanza kupita huko na barakoa zao. Mchele ulitoka, maziwa yakaingia. Mishumaa ilitoka, sukuma wiki ikaingia. Mume wangu alijua siku alipouona mkebe wa samaki wake kwenye jaa la jirani, umelambwa mpaka unang'aa. Alikuja nao jikoni ameushika kwa vidole viwili.

"Mwambie mama yako," akaanza.

"Mwambie mwenyewe. Kuku yuko nje."

Jirani huyo alikuwa afisa wa polisi, mtu wa magharibi mwa nchi, aliyehamishiwa kwetu na kila siku akilalamikia baridi yetu kama anayetulaumu sisi binafsi kwa kuuleta Mlima Kenya. Samaki wale ndio walikuwa furaha yake ya kwanza tangu afike. Lakini samaki au si samaki, alikuwa na masikio, na masikio yake yalisikia nini kutoka kwetu kuanzia asubuhi hadi jioni? Kikohozi, na kikohozi cha kukijibu. Siku moja akaja getini, barakoa mbili juu ya pua, amesimama mbali kama anayetaka kutupa mkuki.

"Mwalimu, mimi siyo mtu ya kuchongea jirani," akaniambia. "Lakini mzee wako anakohoa sana. Na ile nyumba ndogo pia inakohoa. Nikipigia watu wa afya simu, utanilaumu?"

Ilibidi nimweleze yote. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mabega yake yalivyoshuka, na mwisho akavua barakoa moja.

"Mama mkwe? Na unamruhusu kupita karibu hivyo?" Akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Kwetu nikikutana na mama mkwe njiani naingia kwa mahindi ya watu. Mahindi ikiwa haijamea nalala chini. Wacha akohoe, mwalimu. Wacha akohoe kabisa."

Tangu siku hiyo kukohoa kwetu kulikuwa na ulinzi wa serikali.

Sitadanganya, tulifurahi miezi hiyo. Nilikuwa nikifundisha kwa simu wanafunzi ambao nusu yao hawakuwa na simu, mume wangu alikuwa akiliosha gari lisiloenda popote, na mama alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni pa stoo na kuendesha uchumi. Kisha ukaja mwezi wa saba.

Asiyejua Nyeri ya mwezi wa saba asiniambie habari za baridi. Ukungu unashuka asubuhi na unasahau kupanda. Nguo zinakaa kwenye kamba siku nyingi na kurudi ndani zikiwa mbichi kuliko zilivyotoka. Ile stoo ya mbao chakavu ilikuwa na nyufa za kupitisha kidole, na mabati yalikuwa yakitoa jasho la kumdondokea mtu aliyelala. Moto wa makaa nilikataa kabisa, kwa sababu ya kifua na kwa sababu makaa ndani ya kibanda kilichofungwa huua. Nikamsihi aingie nyumbani. Akakataa. Mume wangu akamwambia kuku kwamba yeye angehamia garini, alale huko mpaka baridi iishe.

"Nyumba ni ya mtu hata akiwa ameenda Mombasa," mama akamjibu kuku.

Mume wangu akaja na wazo lingine: zile katoni za tishu zipigiliwe kwenye kuta kwa ndani, zizibe nyufa. Lilikuwa wazo zuri. Lakini ili kupigilia lazima aingie, na kuingia hawezi. Tukajaribu mimi na binti yangu, tukaupiga msumari mmoja na vidole vingi, na usiku ule ule zikamwangukia mama kichwani. Akasema afadhali baridi.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wote wawili kwa hasira moja, huyu na kitambaa chake, yule na adabu yake. Nilimwambia mama kwamba heshima haijawahi kumtibu mtu pumu. Akanitazama kwa utulivu, akaniuliza kama shuleni ninafundisha pia kumvua mzazi nguo. Nikaenda zangu jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa jikoni na simu, nikiwaeleza wanafunzi wangu mambo ya fasihi simulizi. Nilisikia mume wangu akikohoa nje. Nilisikia mama akijibu. Nilikuwa nimeshaacha kusikiliza vikohozi hivyo, vilikuwa sehemu ya uani kama kuku. Mume wangu akaingia jikoni mikono mitupu.

"Mami hajajibu vizuri."

"Amejibu. Nimesikia."

"Amekohoa. Hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Ile yake ya mwisho." Na mwanamume huyu, ambaye hakuwahi kumwiga mama yangu hata kwa utani, akaniigia pale pale, kikohozi na mkia wake: "hm!" Kisha akakohoa tena, na safari hii akakiachia hewani, bila kukifunga. "Jana jioni ilikuwa fupi. Leo haiko."

Nikamwambia anasikia vitu. Nikarudi kwenye simu. Yeye akatoka tena, na kupitia dirishani nikamwona amesimama mbele ya mlango wa stoo. Akakohoa. Ndani kukatoka sauti, na hata mimi safari hii niliisikia inavyokatika. Kulingana na utaratibu alipaswa kwenda kwenye tangi. Hakwenda. Alisimama pale kidogo, mikono imemning'inia. Kisha, bila kukohoa tena, akasukuma mlango akaingia.

Nilikimbia. Niliangusha simu na wanafunzi wangu wote ndani yake. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro, ameegemea magunia ya pishori, midomo ina rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka na hewa haiingii. Kichwa kilikuwa wazi, nywele nyeupe, chache, zimesukwa mistari miwili. Sidhani kama mume wangu alikuwa amewahi kuziona. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kumgusa, ni kunyoosha mkono kwenye msumari ulio juu ya maharagwe, akachukua kitambaa, akamfunika kichwa, akakifunga kwa nyuma vibaya kama wanaume wanavyofunga. Halafu akampakata mikononi, akatoka naye.

"Pole, mami," alikuwa akisema. "Pole, mami. Pole." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja tangu anioe.

Tulienda hospitali kwa gari la mafunzo. Mama alikuwa nyuma, kichwa mapajani pa binti yangu, na mimi nilikaa mbele, kiti cha mwalimu, chenye breki yake. Mume wangu, ambaye huwakemea watu kwa kupita magari kwenye kona, alipita kila kitu siku hiyo, lori na trekta na gari la maiti. Gari lilikuwa likisitasita barabarani, anakanyaga mafuta haliendi, mpaka akaniambia kwa upole usio wake:

"Mwalimu. Toa mguu."

Nilikuwa nimekanyaga breki ya pili kwa nguvu zangu zote bila kujua. Nikaikunja miguu juu ya kiti nikaishikilia kwa mikono. Kwenye kizuizi cha polisi jirani yetu alikuwa zamu. Aliona herufi zetu nyekundu zikija kwa kasi isiyo ya mwanafunzi, akauburuta ule mkanda wa misumari pembeni mwenyewe, kwa mkono, kabla hatujafika.

Walimpokea, wakamwekea oksijeni, wakampima ugonjwa wa mwaka. Baadaye walituambia haikuwa korona, ni mapafu yaliyoingiwa na baridi juu ya pumu. Lakini kabla ya hapo tulingoja, na kungoja huko simtakii hata adui. Wageni hawakuruhusiwa wodini. Simu ya mama ilikuwa stoo, kwenye kisanduku cha viberiti vyake. Wauguzi walituambia anaendelea, na sisi tulikaa nje ya uzio tukijiuliza anaendelea wapi.

Wodi ilikuwa ya chini, dirisha lake linatazama upande wa uzio. Mume wangu alilizunguka jengo, akahesabu madirisha, akasimama. Nikajua anachotaka kufanya, nikamvuta koti.

"Usithubutu. Hapa? Mwaka huu?"

Akakohoa. Kikohozi cha heshima, kikavu, kikubwa. Watu waliokuwa wamepanga foleni kwa umbali uliopendekezwa wakaupata umbali mwingine mkubwa zaidi. Mama mmoja alijifunika shuka lote. Askari wa lango akaja mbio na rungu na chupa ya dawa ya kunyunyizia, hajui aanze na kipi.

"Wewe! Unapeleka hiyo wapi?"

Mume wangu akakohoa tena huku akinyunyiziwa. Kimya. Akakohoa mara ya tatu, macho yake yamejaa maji, na yeye husema mpaka leo ilikuwa ile dawa. Na hapo, kutoka dirishani, kwa sauti nyembamba iliyochoka, kikatoka kikohozi kimoja. Tukangoja.

"Hm!"

Mume wangu akaligeuzia mgongo dirisha lile na kuutazama ukuta wa hospitali, kama ilivyotakiwa. Mimi nilikaa kwenye nyasi zenye umande, nikalia mbele ya watu, na sikujali.

Tulimrudisha nyumbani mwishoni mwa mwezi. Nilikuwa nimemtandikia chumba cha binti yangu, shuka mpya, hoja tayari. Alishuka garini, akapita mlango wa nyumba kana kwamba haupo, akaingia stoo.

Kisha akatoa hukumu, kupitia kwangu, lakini kwa sauti ya kufika kwenye tangi. Muthoni ameona kichwa chake wazi na amembeba kama gunia mbele ya mtaa wote, kwa hiyo muthoni atachinja mbuzi. Na kwa kuwa mlango ule umeshapitwa, hakuna haja ya kujifanya haujapitwa, anaweza kuingia kupigilia zile takataka zake ukutani, mradi yeye mama awe jikoni wakati huo.

Mbuzi alichinjwa. Mama, mgonjwa aliyeagizwa ale vyakula laini, alimaliza mbavu zote na kuulizia kichwa. Mume wangu alipigilia katoni za tishu kuanzia sakafuni mpaka kwenye mabati, tabaka juu ya tabaka, akaziba hata kile kidirisha cha biashara, ambacho mama alikifungua tena kesho yake kwa kisu. Ndani kukawa na joto la kitanda. Ukizungumza humo sauti haikurudi, na harufu ilikuwa kama ya duka la dawa. Nilimshukuru mume wangu, kama alivyotabiri. Hakunisikia vizuri, au alitaka nirudie.

Mama alirudi kwake Othaya shule zilipofunguliwa, na mifuko ya pishori aliyosema ni mabaki. Aliishi miaka mingine, akitukana baridi na madaktari. Mwaka jana alifariki, nyumbani kwake, kitandani kwake, kwa uzee na ukaidi. Tulimzika mvua ikinyesha, na kila mtu akasema alikuwa mama wa watu.

Stoo imerudia kazi zake. Tishu tulizimaliza kwa njia ya kawaida, ikachukua muda. Uliobaki ni ule msumari juu ya maharagwe, na mume wangu hajawahi kutundika chochote juu yake. Hadi leo, akitaka hata bisibisi, husimama mlangoni kwanza na kukohoa. Binti yetu, ambaye sasa yuko chuoni, humcheka. Mimi nilikuwa nikimcheka pia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa humo ndani, nimeketi kwenye gunia, nikichagua maharagwe. Nilisikia hatua zake, halafu kikohozi. Nilitaka kumwambia aingie, ni mimi tu. Badala yake, sijui kwa nini, nikakohoa. Nikakifunga na mkia wake: "hm!"

Kisha nikasikia miguu yake inaondoka, polepole, kuelekea kwenye tangi, na ikasimama huko. Nilichungulia kwenye ufa. Alikuwa amenipa mgongo, mikono nyuma, anautazama ukuta wa jirani.

"Jembe," akasema. Hakukuwa na kuku.

Nikachukua jembe, nikaliweka kizingitini, nikafunga mlango.